Kihamba Kama Darasa: Kufundisha kwa Kutumia Shamba la Jamaa

Wanachuo wanaporudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huyakusanya maandalio yao ya masomo na kuyasoma moja baada ya jingine. Aghalabu tunakuta kwamba somo la udongo limefundishwa kwa mchoro ubaoni, somo la mbolea limefundishwa kwa kunakili orodha, na somo la mimea limefundishwa kwa picha ya mmea usiomea wilayani humo. Na nje ya dirisha la darasa hilohilo, pengine hatua mia mbili tu, pana shamba la jamaa lenye udongo, samadi, migomba, ng'ombe na mfereji wa maji, pamoja na bibi aliyelihudumia shamba hilo tangu alipoolewa.

Hatusemi kwamba mwanachuo huyo ni mvivu. Mara nyingi amefanya kazi kubwa ya kuchora. Linalomzuia ni hofu ya namna mbili: anahofu kwamba watoto wakitoka nje hatawamudu, na anahofu zaidi kwamba huko shambani yuko mtu anayejua kuliko yeye. Hofu ya kwanza huondolewa kwa maandalizi. Hofu ya pili haina haja ya kuondolewa, kwa maana ni ukweli mtupu, na mwalimu akiukubali atapata msaidizi asiyelipwa mshahara na asiyepatikana katika duka lolote la vitabu.

Katika makala haya tutatumia mfano wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga katika miteremko ya Kilimanjaro. Mwalimu atakayepangiwa kwingine atafute kilicho sawa na hicho: kibanja cha Kagera, ngoro za Wamatengo huko Mbinga, au mashamba ya Upare yanayonyweshwa kwa ndiva, yale malambo yanayokusanya maji usiku. Njia ni ileile, ingawa mazao ni mbalimbali.

KIHAMBA NI NINI

Ukanda wa vihamba uko kati ya mita 900 na 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya msitu wa mlima. Aghalabu kihamba kimoja hakifiki hekta 1. Atokaye mbali hudhani kwamba ni msitu. Akiingia ndani ndipo anapoona kwamba kila kilichomo kina mahali pake. Juu kabisa imo miti mirefu kama mringaringa, mfuruanje na mgrevilea, inayopunguza makali ya jua na kuangusha majani yanayorutubisha ardhi. Chini ya miti hiyo imo migomba, na chini ya migomba imo mibuni. Karibu na ardhi yako magimbi, maharage, mboga na majani ya ng'ombe, na viazi vikuu hupanda juu kwa kuitambaa miti. Ng'ombe na mbuzi hufungwa bandani na kuletewa malisho. Maji huletwa na mfongo, mfereji uliochimbwa kutoka mtoni na kufuata mteremko kwa ustadi mkubwa, na wale wanaoutumia hukutana kuusafisha na kugawana zamu. Jamaa nyingi huwa pia na shamba la mahindi na maharage huko tambarare, ambako mvua ni chache zaidi.

Mwalimu asikisifu kihamba kana kwamba ni kitu cha kale kisichobadilika. Mgrevilea ulitoka Australia. Kahawa ilianza kupandwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji wakaichukua kwa haraka hata wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, kilichofuatwa na KNCU katika miaka ya 1930. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na nyumba nyingi zikaacha kupogoa na kunyunyizia dawa mibuni yao. Wengine waliing'oa na kupanda mboga na nyanya. Hivyo kihamba kimekuwa kikipokea na kuacha. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliuweka utaratibu wa kihamba wa Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Ni heshima njema, lakini mtoto wa Darasa la 5 hatauelewa urithi huo kwa kuambiwa habari za orodha.

Yafaa pia mwanachuo ajue kwamba elimu ya kihamba imekwisha kuchunguzwa zamani. O. F. Raum aliandika kitabu kizima, kilichotolewa mwaka 1940, juu ya namna watoto wa Kichaga walivyolelewa na kufundishwa na jamii yao. Kabla ya ubao na chaki, mtoto alifunzwa kwa kushiriki: alipewa kazi ndogo ya kweli kwa kadiri ya umri wake, na kazi hiyo ilihitajiwa nyumbani.

KABLA YA KUWAPELEKA WATOTO

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, na ndiyo sababu tutakawia hapa.

Usiende na watoto siku ya kwanza. Nenda peke yako, au afadhali na mwalimu mwenyeji, wakati wa jioni kazi zikiwa zimepungua, na isiwe siku ya soko, kwa maana mama wa nyumba hatakuwapo. Piga hodi, toa shikamoo, kaa utakapoonyeshwa. Daftari libaki mfukoni. Eleza kwamba watoto wanajifunza habari za udongo na mbolea, na kwamba umekuja kuomba wafundishwe hapo. Neno "kuomba" lina uzito wake. Mwalimu akisema amekuja "kuonyesha watoto kilimo cha wenyeji", mzee ataelewa mara moja kwamba anafanywa kitu cha kutazamwa, na atajibu kwa heshima kwamba yuko safarini.

Usimwendee baba peke yake. Katika nyumba nyingi kahawa ilikuwa mali ya mwanamume, bali migomba, magimbi, maziwa na majani ya ng'ombe vilikuwa mikononi mwa mwanamke. Mwalimu atakayezungumza na baba tu atapata nusu ya somo, tena nusu ile ambayo katika miaka hii imepungua thamani.

Chagua nyumba kwa busara. Mwanachuo hupenda kwenda kwa mkulima aliyepata zawadi, mwenye ng'ombe wanne wa maziwa na banda la saruji. Watoto watastaajabu, kisha watarudi nyumbani kwao wakidhani kwamba kwao hakuna la kujifunza. Sisi tungependa nyumba ya kwanza iwe ya kawaida, hata ya mjane mwenye ng'ombe mmoja, mradi anapenda kueleza. Lakini hapa pana hatari nyingine: kuuanika umaskini wa watu. Maswali kama "Una ng'ombe wangapi?", "Unapata shilingi ngapi?" au "Mnakula mara ngapi?" hayaulizwi mbele ya watoto, kwa kuwa miongoni mwao yumo mjukuu wa nyumba hiyo, na kesho atakuwa uwanjani pamoja na wenzake. Kagua maswali ya watoto wote siku moja kabla, na yale ya kuaibisha uyageuze. Badala ya "Una ng'ombe wangapi?" mtoto aulize, "Ng'ombe mmoja anahitaji mizigo mingapi ya majani kwa siku?" Hesabu atakayoipata hapo itamfaa zaidi.

Darasa la watoto 60 haliingii katika kihamba kimoja bila kuharibu kitu. Ligawe katika makundi 4 ya watoto 15, kila kundi nyumba yake, au peleka kundi moja kila juma huku wengine wakifanya kazi nyingine chini ya mwalimu mwenzako. Kila kundi liwe na kiongozi, mwandishi na mtunza vifaa.

MFANO WA SOMO: SAFARI YA SAMADI

Shabaha ya somo: watoto waweze kueleza namna rutuba inavyotoka katika kihamba na namna inavyorudi. Darasa la 5, vipindi viwili mfululizo shambani na kimoja darasani. Vifaa ni makopo mawili yaliyotolewa kitako na kifuniko, chupa ya maji ya nusu lita, kamba yenye mafundo kila mita 1, na daftari.

Watoto waanzie bandani. Wamwombe mwenye nyumba awaonyeshe samadi inakopelekwa, nao waifuate kwa miguu mpaka kwenye shina la mgomba. Hapo waulize kwa nini imewekwa upande huu na si ule. Watasikia habari za mteremko na maji ya mvua. Waulize kwa nini shina limeachiwa miche mitatu tu, ule mkubwa wenye mkungu, wa pili unaoufuata na mdogo kabisa, yaani mama, mtoto na mjukuu, na machipukizi mengine yameondolewa. Kisha waulize mkungu ukikatwa, gogo la mgomba huenda wapi. Gogo hukatwakatwa na kupewa ng'ombe, au huachwa lioze papo hapo. Majani makavu hutandazwa ardhini, maganda ya ndizi hurudi bandani, na majivu ya jikoni hurudi shambani.

Sasa mwalimu ateremshe swali kubwa: Ni vitu gani hutoka katika kihamba hiki na havirudi? Wape muda. Wengine watataja kahawa inayouzwa. Takriban kilo 6 za buni mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa safi, nayo huvuka bahari. Wengine watataja maziwa, ndizi zipelekwazo sokoni, mbao za mringaringa. Basi kama vitu hivi hutoka mwaka hata mwaka, mbona ardhi haijachoka? Jibu limo vichwani mwa akina mama: mizigo ya majani inayoletwa kutoka tambarare na kandokando ya njia. Rutuba ya kihamba kwa sehemu kubwa imepandishwa mlima kwa vichwa na migongo ya wanawake. Mtoto aliyemwona mama yake akipanda na mzigo kila siku ameliona somo hili maisha yake yote, ila hakuna mtu aliyempa maneno ya kulisema.

Baada ya hapo wafanye jaribio. Kopo la kwanza lisukumwe ardhini kiasi cha vidole viwili chini ya mgomba, mahali palipotandazwa majani, na kopo la pili lisukumwe kando ya njia inayokanyagwa. Katika kila kopo mimina nusu lita ya maji, na watoto wahesabu pamoja kwa sauti mpaka maji yote yanywewe na ardhi. Chini ya mgomba maji huzama upesi. Njiani hukawia sana, na pengine watoto watachoka kuhesabu. Usiwaambie matokeo mapema. Tumewaona wanachuo wakilieleza jaribio kwa dakika kumi na kulifanya kwa dakika mbili. Afadhali kinyume chake.

Darasani watoto wachore duara la safari hiyo, wakionyesha kwa mishale vinavyoingia na vinavyotoka. Mchoro huu unaruhusiwa ubaoni, kwa sababu sasa umetoka miguuni mwao.

MZEE NA KITABU WAKIPINGANA

Mwanachuo mmoja alituuliza: "Nifanyeje mzee akisema jambo lisilo la kisayansi mbele ya watoto?" Swali ni zuri, lakini lina haraka. Tuchukue ugonjwa wa chulebuni, unaooza matunda machanga ya kahawa. Mzee atasema kahawa yake huozeshwa na baridi na ukungu wa asubuhi. Kitabu kitasema ugonjwa huu huletwa na kuvu. Mwalimu mwepesi atamsahihisha mzee wakiwa njiani kurudi, na watoto watacheka. Lakini kuvu hiyo hustawi na kuenea penye baridi na unyevu, hasa katika sehemu za juu. Kwa hiyo mzee ameeleza hali, na kitabu kimetaja kiumbe kisichoonekana kwa macho. Lugha yetu yenyewe imeweka mambo haya karibu, kwani neno "ukungu" ni la asubuhi ya mlimani na ni la mkate ulioota mvi. Waulize watoto: Je, tunaweza kulipima jambo hili? Miti iliyobanana na isiyopogolewa huoza zaidi au chini ya ile inayopitisha hewa? Hapo mzee na kitabu wanakaa katika somo moja. Na kama wilayani kuna miche ya aina mpya zinazostahimili chulebuni, zilizotokana na utafiti unaofanywa Lyamungo, bwana shamba au bibi shamba aalikwe aje kuieleza.

Wakati mwingine mzee atakuwa amekosea kabisa. Hilo pia hutokea, kama vile hutokea kwa vitabu. Pima, andika, na uwe na adabu.

HESABU YA URITHI

Sehemu hii huwaogopesha wengi, nasi tunaiona kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa Darasa la 6 na la 7. Sehemu za namba hufundishwa kwa machungwa na mikate. Mtoto wa Kilimanjaro anazijua sehemu za namba kwa mipaka ya masale.

Anza hivi. Babu alikuwa na ekari 6 na wana 3 wa kiume. Kila mmoja alipata ekari 2. Kila mwana naye akapata wana 4. Kila mjukuu amepata ekari 1/2, yaani karibu mita za mraba 2,000. Kama migomba mitupu ingepandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, yangeenea mashina kama 220, bila nyumba, bila banda, bila kahawa. Watoto waulize nyumbani mikungu mingapi huliwa kwa juma, kisha wapige hesabu wenyewe kama shamba hilo litatosha.

Hapo msichana atauliza: "Na sisi?" Asipouliza, mwalimu alete swali hilo mwenyewe. Mvulana atajibu kwamba wasichana wakipewa, ardhi itakuwa ndogo zaidi. Usibishane naye, mpe chaki. Babu ana ekari 6, wana 3 na mabinti 3: kila mmoja anapata ekari 1. Kila kijana anaoa binti aliyerithi ekari 1 kwao, na kila binti anaolewa na kijana mwenye ekari 1. Kila nyumba ina ekari 2, kama kwanza. Nyumba hiyo ikizaa wavulana 4 na wasichana 4, kila mtoto anapata ekari 1/4, naye akifunga ndoa nyumba yake ina ekari 1/2. Jumla haikubadilika hata kidogo! Ila sasa vipande viwili havigusani, pengine kimoja kiko Kibosho na kingine Machame, na hilo ni tatizo la kweli ambalo watoto wataliona wenyewe na walijadili. Lakini lile dai la kwanza limekwisha ubaoni, mbele ya wote, kwa mkono wa mvulana aliyelitoa.

Baada ya hesabu, mwalimu ataje sheria kwa ufupi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu ya sheria. Asitaje nyumba yoyote kijijini wala asitumie mfano unaofanana na ugomvi ulioko barazani kwa mwenyekiti. Katika darasa moja yumo mtoto ambaye mama yake alifukuzwa katika kihamba baada ya matanga, na yumo binamu yake.

JEMBE LISIWE FIMBO

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, hakutaka shamba la shule liwe mahali pa kutumikishwa watoto. Alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, na wajifunze kutokana na matokeo ya uamuzi wao. Yaliyofuata katika shule nyingi yanajulikana: watoto walilima, mapato hawakuyaona, na aliyechelewa namba aliongezewa tuta. Hata sasa tunazikuta shule ambamo adhabu ya kwanza ni kulima na ya pili ni kukata majani kwa ajili ya ng'ombe wa mwalimu.

Tulipime jambo hili kama walimu wa njia za kufundishia. Mtoto hufunzwa kwa kurudiarudia. Akilishika jembe kila anapokosa, na akiliweka kila anaposamehewa, amefundishwa somo moja kwa miaka saba mfululizo, tena kwa ufanisi kuliko hesabu: kwamba kulima ni fungu la waliokosa. Kisha tunashangaa vijana wanapoteremka Moshi na kwenda Arusha na Dar es Salaam kuuza soksi barabarani. Hatudai kwamba adhabu hiyo peke yake ndiyo inayowakimbiza. Ekari 1/2 ingetosha kuwakimbiza. Lakini shule isiongeze mkono. Mwanachuo akipangiwa shule yenye desturi hiyo, hana uwezo wa kuamuru ikome. Ana uwezo wa kutoitumia katika darasa lake, na ana uwezo wa kumweleza mwalimu mkuu kwa faragha na kwa heshima.

KAZI YA NYUMBANI NA UPIMAJI

Kila mtoto achague shina moja la mgomba nyumbani na kulitunza kwa mihula miwili: aandike tarehe ya kuweka samadi, ahesabu majani mapya kila mwezi, achunguze dalili za fukuzi kwenye gogo. Watoto wanaoishi katika vyumba vya kupanga huko senta wasiachwe nje. Kila mmoja aungane na mwenzake, na shajara iwe ya wawili.

Usitoe alama kwa ukubwa wa mkungu, kwa maana utakuwa umempa alama baba mwenye ng'ombe. Toa alama kwa sababu. Swali la "Taja faida tano za samadi" hujibiwa na aliyekariri. Uliza hivi: "Jamaa fulani wameuza ng'ombe wao ili kulipia matibabu. Eleza yatakayotokea katika kihamba chao baada ya miaka mitatu, na jambo ambalo wangeweza kufanya kwa sasa." Mtoto aliyeifuata samadi kwa miguu atakuwa na la kuandika.

Majuma mawili baada ya ziara, kundi lirudi kwenye nyumba iliyowafundisha likiwa na mchoro wake na taarifa ya ukurasa mmoja. Mtoto mmoja aisome kwa sauti, kwa Kiswahili, na kama bibi anapenda, mwingine aieleze kwa Kichaga. Mwenye nyumba atakapoona jambo limeandikwa vibaya, na daima lipo, mwandishi wa kundi alisahihishe papo hapo, aandike tarehe, na nakala ya pili iachwe hapo nyumbani.